Breki Ilikuwa Nzima

Jumamosi, 18 Oktoba

Daftari hili nimepewa na Mwongeli, binti wa dada yangu Kalunde. Aliniambia, "Anko, andika kila kitu tunajaribu, na uweke tarehe, ndio tusirudie makosa." Nimetengeneza baiskeli hapa Migwani miaka thelathini na moja bila kuandika hata mstari mmoja, na makosa sijayaona. Lakini mtoto akikupa zawadi unapokea. Nasema mtoto, ingawa ana miaka ishirini na minne na ni mwalimu wa chekechea pale Kabati.

Basi naandika. Baiskeli yake haina kiti. Nilipoiona mara ya kwanza niliuliza kama kiti kiliibwa njiani, akacheka mpaka akashika ukuta. Si baiskeli ya kwenda mahali, ni ya kuruka mawe. Mtu husimama juu ya pedali, akabana breki zote mbili, akaruka na gurudumu la nyuma kutoka jiwe moja hadi jingine kama mbuzi. Tarehe 12 Desemba, Sikukuu ya Jamhuri, kuna mashindano kwenye miamba ya shamba moja upande wa Kambu. Jiwe la mwisho linanizidi kimo na juu yake limeinama. Akifika huko juu, kinachomzuia kurudi chini kwa mgongo ni raba mbili zinazobana rimu. Na kwa sasa raba hizo zinateleza.

Nimemwambia wiki moja inatosha.

Jumatatu, 20 Oktoba

Raba mpya. Zinateleza.

Jumatano, 22 Oktoba

Raba nilizokata mwenyewe kwenye tairi ya lori. Zinateleza, na kelele juu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo nimeshinda. Abdisalam, jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ana pikapu, na huenda hadi Kambu kununua mbuzi. Nilimwomba aniokotee kipande cha lami mahali wanapokarabati barabara. Nimekisugua kwenye rimu kidogo tu, jinsi unavyopaka chapati mafuta, nikazungusha gurudumu, nikabana. Likasimama pale pale. Nilimwita Abdisalam alisukume na bega lake lote na halikwenda.

Mwongeli amepanda mawe yale makubwa nyuma ya boma la wazazi wake mara kumi na mbili bila kuteleza. Kelele ya breki imewafanya mbwa wote wa kijiji kubweka. Kalunde amesema ni afadhali binti angenunua ng'ombe. Nami nilitembea sokoni kifua mbele, nikiwaeleza hata wasioniuliza.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mawingu upande wa mashariki. Ndunge, mke wangu, amemaliza kupanda ndengu bila mvua. Anasema ardhi ikinyeshewa ikute mbegu imeshaingia. Mimi sipendi kutangulia mvua, lakini shamba ni lake na mdomo pia ni wake.

Jumamosi, 1 Novemba

Mvua ya kwanza ilinyesha saa tisa mchana. Saa tisa na nusu Mwongeli alianguka.

Nilikuwepo. Alikuwa juu ya jiwe la tatu, manyunyu bado yanaanguka. Akabana breki, na ile lami iliyokuwa inashika kama ugali baridi ikawa sabuni. Alirudi nyuma, baiskeli ikamwacha, kidevu kikagonga jiwe. Amepasuka kidogo, si mbaya sana. Lakini damu ya mtoto wa dada yako haina kidogo.

Musyimi, baba yake, alikuja kutoka nyumbani akikokota mguu. Mguu wake wa kulia haukunjiki tangu ajali. Alimwinua binti yake, akamfuta na shati lake mwenyewe, na Mwongeli akamwambia, "Nimeshika, baba. Haikushika." Musyimi akaniangalia. Aliniangalia tu, kisha wakaingia ndani.

Naona nieleze, maana siku moja mtu anaweza kusoma daftari hili asijue.

Musyimi ni shemeji yangu, na kabla ya kuwa shemeji alikuwa rafiki. Aliimba besi katika kwaya ya kanisa letu miaka kumi na tisa. Miaka mitatu iliyopita, Novemba kama hii, Mzee Kitheka alikuwa anapelekewa mbuzi wa mahari ya binti yake, na jirani akamwomba Musyimi abebe kwa baiskeli jerikeni ya kaluvu, pombe yetu ya kienyeji, hadi huko ng'ambo ya mto. Kwa mtu wa kanisa kubeba pombe ni kosa, na hilo alikiri. Katika mteremko wa kwenda mtoni alianguka, mguu ukavunjika. Jerikeni ilipasuka ikammwagikia mwili mzima. Waliomwokota walimwokota akinuka pombe kuanzia nywele hadi viatu.

Alipotoka hospitali aliitwa mbele ya wazee wa kanisa. Mimi ni mmoja wa wazee hao. Alisema hakunywa hata tone. Alisema, "Nilishika breki, haikushika." Alirudia mara tatu. Mchungaji Nthiwa akanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi fundi, na baiskeli ile ilikuwa imetoka mikononi mwangu siku moja kabla ya ajali. Nikajibu ukweli. Nilisema breki ilikuwa nzima.

Akatakiwa atubu mbele ya kanisa kwamba alilewa. Akakataa. Basi jina lake likasomwa, akatengwa, na mpaka leo Jumapili hukaa nyumbani. Tunasalimiana. Kula nyumbani kwake sijala tena.

Sikumwonea. Niliulizwa kuhusu breki nikasema kuhusu breki.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Nimetoa lami yote kwa petroli. Mwongeli ana nyuzi tatu kidevuni na anataka kuendelea.

Jumatano, 5 Novemba

Abdisalam amenipa grainda yake, akasema niirudishe na vidole vyangu vyote. Wazo ni la Mwongeli, aliona watu wa nchi za mbali wakifanya hivyo kwenye simu. Unawasha jiwe la kukatia chuma, unaligusisha kwenye rimu kidogo sana, unaacha mikwaruzo midogo midogo ya kukatiza, pande zote, bila kula rimu yenyewe. Mkono ukiwa mzito umeharibu. Nilishika pumzi kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga.

Tulimwaga maji kwenye gurudumu, tukabana. Imeshika ikiwa imelowa vile vile. Mwongeli alinikumbatia mbele za watu, na mkono wangu mzima ulikuwa vumbi la rimu.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani. Kwaya imekuwa nyembamba, besi ni ya Jonah peke yake naye ana mafua.

Jumatatu, 10 Novemba

Mwongeli ameleta baiskeli nikaze spoku na kubadilisha waya. Nimeifanyia kila kitu na kuifuta ikang'aa.

Jumanne, 11 Novemba

Inateleza tena. Nimemwambia amezoea vibaya, anabana breki kama anayeshika yai.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimekwaruza tena na grainda. Imeshika tukiwa karakana, kabla sijaimalizia. Jioni, kwake, inateleza. Nimelaumu raba.

Jumamosi, 15 Novemba

Raba laini kutoka Nairobi, bei ya kuku wawili. Zilishika siku ya kwanza asubuhi, kisha hapana. Ndengu za Ndunge zimetoka zote kwa mstari, na kila asubuhi ananiuliza breki zangu zitatoka lini.

Jumatano, 19 Novemba

Leo tumegombana, mimi na Mwongeli.

Alikuja jioni, mvua imempiga, akasimamisha baiskeli mlangoni badala ya kuingia. Akasema ameanza na yeye kuandika. Kila siku ameandika ilishika au haikushika, na ilitoka wapi. "Anko, usikasirike. Hii breki ikikaa kwangu siku tatu nne inaanza kushika. Nikiitoa kwako inateleza. Kila time."

Nikamwuliza anamaanisha nini.

"Simaanishi kitu. Ndivyo nimeandika."

Nilimwambia nilianza kazi hii kabla mama yake hajaolewa. Nilimwambia baiskeli zinazopita hapa zinabeba maji, mbao na wagonjwa, hazichezi juu ya mawe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kusema breki yangu, mimi Kiema, ni mbaya.

Akasema polepole, "Baba alisema."

Nikamwambia aondoke. Akaondoka, akaacha baiskeli mvuani. Ndunge, aliyekuwa anachambua kunde kibarazani, alisema tu, "Nyani haoni kundule," akaendelea kuchambua.

Alhamisi, 20 Novemba

Nilikusudia kumwonyesha Mwongeli kwamba amekosea. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sikuwa natafuta ukweli, nilitaka kumshinda.

Nilimwita Abdisalam awe shahidi. Tukaosha rimu zote mbili kwa sabuni, kisha kwa spiriti kutoka dukani kwake, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Nikamwaga maji. Nikabana, yeye akasukuma. Imeshika. Nikasema, sasa nitaifanyia kazi kama ninavyomfanyia kila mteja, hatua kwa hatua, na kila hatua wewe usukume. Nikakaza waya. Imeshika. Nikatia grisi kwenye ekseli. Imeshika. Nikanyoosha gurudumu, nikapangusa matope. Imeshika. Tayari nilikuwa nacheka. Nikamwambia, umeona? Kazi yangu haina doa.

Abdisalam akauliza, "Umemaliza?"

Nikasema bado kufuta tu. Nikachukua tambara langu msumarini. Ni fulana kuukuu niliyoloweka katika mafuta machafu ya gari na dizeli kidogo. Hakuna baiskeli inayotoka kwangu bila kupitishiwa tambara hilo. Fremu, spoku, habu, rimu, kila kitu, mpaka mtu aone uso wake. Marehemu fundi aliyenifundisha alikuwa akisema mteja hawezi kuona kazi yako ya ndani, basi mpe ya nje. Watu hapa hupenda Jumapili baiskeli ing'ae. Kuna wanaokuja kwangu kwa sababu ya tambara hilo tu.

Nikafuta. Nikamwaga maji. Nikabana kwa nguvu zote. Abdisalam akasukuma kwa mkono mmoja, na gurudumu likaenda zake kana kwamba hakuna breki iliyowahi kuwekwa.

Alicheka kwanza. "Mzee, kumbe ni hiyo nguo!" Kisha akaniona usoni, akaniletea stuli. Sikujua nilikuwa nimebadilika uso.

Yeye alifikiri ninawaza mashindano.

Ijumaa, 21 Novemba

Sijalala vizuri. Mvua.

Kuna kitabu cha kumbukumbu za wazee wa kanisa, na katibu wakati ule nilikuwa mimi. Sihitaji kukifungua kujua kilichoandikwa. Mchungaji aliniuliza kama nina uhakika kuhusu breki, nami nikajibu kwa maneno haya: "Niliitengeneza mwenyewe, na nikaifuta kwa mafuta mpaka rimu zikang'aa." Nilitoa hilo kama ushahidi kwamba baiskeli ilikuwa salama, na wazee wakatikisa vichwa. Niliandika mwenyewe, na mwandiko wangu ni mzuri.

Baiskeli iliyofutwa ukaenda nayo juani, mafuta yanakauka, vumbi linayala, na baada ya siku chache hakuna anayejua. Ukinyeshewa, kila mtu hapa atakwambia ni mvua, mvua hufanya breki kuteleza, hata mimi nimewaambia hivyo miaka yote. Lakini Musyimi aliichukua Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi mvua ikanyesha, na mteremko wa mtoni ukawa mbele yake, na lita ishirini nyuma yake.

Alishika breki. Haikushika. Alisema hivyo mara tatu.

Jumamosi, 22 Novemba

Mteja wa kwanza nimemrudishia baiskeli bila kuifuta. Akaizunguka, akasema, "Mzee Kiema, leo nimekukosea nini? Hujanipakia!" Nikasema mafuta yameisha. Nimedanganya. Galoni lilikuwa nyuma ya mlango.

Jumapili, 23 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimesema tumbo.

Jumanne, 25 Novemba

Mvua kubwa. Wateja wawili. Mafuta yameisha, nimewaambia.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimempelekea Mwongeli baiskeli shuleni kwake Kabati, nikiisukuma njia nzima. Nimemweleza kuhusu tambara. Nimemwomba msamaha kwa kidevu na kwa maneno. Alicheka, akasema, "Kumbe sufuria ilikuwa nzuri, ni sisi tulikuwa tunachoma mboga." Kisha akaacha kucheka. Niliona jambo likimfikia, hatua kwa hatua, naye hakulisaidia lije haraka.

"Na ya baba uliipaka?"

Nikasema ndiyo.

"Unakumbuka ama unafikiri?"

"Nakumbuka."

Alikaa kwenye benchi ndogo ya watoto, magoti juu, akatazama uwanja. Shule ilikuwa imefungwa, watoto hawapo. Aliniambia kwamba yeye alikuwa na miaka ishirini na moja wakati ule, na kwamba alimwamini mjomba wake fundi kuliko baba yake. Kwamba mwaka mzima alikuwa akinusa kikombe cha baba yake kila asubuhi kabla ya kumwekea chai.

Nililia kidogo, naye hakuniambia ninyamaze.

"Sitamwambia mimi," akasema. "Wewe ndio ulisema breki ni nzima. Wewe utamwambia. Na si kwa kona. Yeye walimsoma jina mbele ya kanisa."

Jumatano, 3 Desemba

Mvua. Sijaenda.

Ijumaa, 5 Desemba

Nilifika hadi kwenye lango la Musyimi. Nikageuka. Nikamwambia Kalunde nilikuwa naangalia kama daraja limebebwa na maji.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimemwambia Ndunge kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika mwiko. Akasema, "Unaogopa kuacha uzee wa kanisa?" Nikasema hapana, naogopa watu kujua kazi yangu ni mbovu. Akasema angalau hilo ni kweli. Kisha akasema neno ambalo limenikaa: "Kazi yako si mbovu. Wewe ulikuwa na uhakika sana."

Ijumaa, 12 Desemba, Kambu

Tulikwenda kwa pikapu ya Abdisalam, Mwongeli mbele, mimi na baiskeli nyuma pamoja na magunia. Kulikuwa na waendeshaji tisa, sita wa Nairobi wenye kofia za bei. Manyunyu yalianza saa nne. Waandaaji wakashauriana kama waahirishe, na vijana wawili wakajitoa.

Rimu nilikuwa nimeziosha kwa spiriti mara mbili alfajiri. Nilizikwaruza upya juzi. Sikugusa kitu kingine, nilikaa na mikono mifukoni kama mgeni.

Alipofika jiwe la mwisho sikuweza kutazama, halafu sikuweza kuacha kutazama. Aliruka. Gurudumu la nyuma likatua pembeni kabisa, pale palipoinama, maji yanatiririka chini yake. Nikaona vidole vyake viwili vikibana. Baiskeli ikalia, ikatikisika, ikasimama. Alikaa pale juu akihema, pengine sekunde tano. Halafu akaruka mbele akamaliza.

Amekuwa wa nne. Wa nne hapewi kitu. Anasema mwakani. Mimi nilifurahi, kisha nikaumia, na yote mawili kwa sababu moja. Breki iliyooshwa inashika hata mvuani. Sasa sina mahali pa kujificha.

Kwenye pikapu ya kurudi alikuja kukaa nyuma nami, chini ya turubai. Hakuuliza kama nimemwambia baba yake.

Jumanne, 16 Desemba

Kesho.

Jumatano, 17 Desemba

Mvua. Kesho.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimekwenda.

Musyimi alikuwa anapiga mbaazi kwa fimbo ghalani, ameketi, ule mguu umenyooka mbele. Nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Novemba na yote yalinipotea. Nikasema, "Musyimi, breki haikuwa nzima. Ni mimi niliyeipaka mafuta. Ulishika na haikushika, kama ulivyosema." Nikamweleza jaribio, maji, tambara, Abdisalam, yote. Nilisema nitasema Jumapili mbele ya watu.

Aliendelea kupiga mbaazi. Si kwa hasira, kwa mwendo ule ule. Nilipomaliza aliuliza, "Umemaliza?"

Nikasema ndiyo.

"Basi nenda, shemeji."

Kalunde alinisindikiza hadi langoni. Alikuwa analia na hakunitazama. Yeye ni dada yangu tumbo moja.

Jumapili, 21 Desemba

Nilimwambia Mchungaji Nthiwa kabla ya ibada. Alisema jambo hili ni zito, lipelekwe kwa wazee kwanza, tulizungumze vizuri mwezi wa kwanza. Nikamwambia, "Mchungaji, jina la Musyimi lilisomwa madhabahuni, na karatasi niliandika mimi. Halitasafishwa ofisini." Akasema nipewe dakika baada ya matangazo.

Nikasema. Sikusema kwamba nilikosea kidogo, wala kwamba sikujua, ingawa sikujua. Nilisema, "Ndugu yetu alisema ukweli mara tatu, nami nilisema uongo mara moja, na mkaamini wa fundi." Nikasema kaluvu aliibeba na alikwisha kukiri. Kunywa hakunywa, na hakuna aliyemwona akinywa, tulimnusa tu. Nikaweka chini uzee wangu wa kanisa.

Mama mmoja nyuma akasema, "Ai, Ngai, Mungu wangu!" na mzee mwingine, bila hata kusimama, akauliza, "Na yangu je, Kiema? Ile ya wiki jana uliipaka?" Watu wakacheka, mimi pia. Nikamwambia hiyo sikuipaka, na wote wenye baiskeli walizochukua kwangu walete rimu zioshwe. Mchungaji akafungua kitabu, akaandika, kisha akasoma kwamba hukumu ile imefutwa. Aliisoma kwa sauti ile ile aliyosomea ya kwanza.

Musyimi hakuwepo. Mwongeli alikuwepo, safu ya tatu, na alitoka bila kunisalimia kwa sababu alikuwa anakimbia nyumbani kwa baba yake.

Jumanne, 23 Desemba

Baiskeli kumi na saba. Sabuni imeisha, spiriti ya Abdisalam imeisha. Hakuna iliyoondoka inang'aa. Wengine wamenung'unika.

Alhamisi, 25 Desemba

Musyimi hakuja kanisani. Nilifikiri angekuja. Sijui kwa nini nilifikiri hivyo, kana kwamba miaka mitatu ni deni ambalo mtu hulipwa Jumapili moja.

Jumamosi, 27 Desemba

Asubuhi, manyunyu. Nilikuwa nimeinama juu ya beseni nikasikia mguu unaokokotwa. Musyimi alikuwa amesimama mlangoni na ile baiskeli yake nyeusi. Ilikuwa imening'inia ghalani tangu ajali, usukani bado umepinda.

"Tengeneza," akasema.

Nilifanya kazi mpaka saa saba. Nilinyoosha usukani, nikaweka raba mpya, nikakwaruza rimu kwa msasa, nikaosha mara tatu. Alikaa kwenye stuli akitazama mikono yangu muda wote. Nilipomaliza nikasukuma baiskeli mbele yake. Ilikuwa na kutu, mbaya kwa kutazama. Akasema twende.

Tulikwenda hadi juu ya mteremko wa mtoni, yeye akitembea polepole na mimi nikisukuma. Njia ilikuwa inatiririka. Hapo akaniambia, "Tangulia wewe."

Nina miaka hamsini na nane. Sijashuka mteremko ule kwa baiskeli tangu nilipooa. Nilimtazama kama anatania, hakuwa anatania. Nikapanda.

Mwendo ulikuja upesi kuliko nilivyokumbuka. Kona iko chini kidogo ya nusu, na ng'ambo yake ni mawe. Nikabana. Na kwa muda mfupi, labda wa kuvuta pumzi moja, hakukuwa na kitu. Raba zilikuwa zinafuta maji. Najua hilo kwa kichwa, nimewaeleza watu mara nyingi, lakini mkono wangu haukujua. Mkono wangu ulibana chuma tupu na mawe yalikuwa yanakuja, nikapiga kelele, sijui nilisema nini. Kisha breki ikashika, nikasimama mita mbili kutoka kona, miguu yote miwili matopeni.

Nilikaa pale hadi nilipoweza kupumua. Nikasukuma baiskeli kurudi juu. Musyimi alikuwa amesimama pale pale, maji yanamtiririka usoni.

"Kulikuwa na pahali haikushika," akasema.

"Kidogo," nikasema. "Kidogo tu, Musyimi."

"Mimi ilikuwa hivyo mpaka chini."

Akapokea usukani kutoka kwangu. Akazungumza macho yakiwa kwenye mteremko. "Mwaka jana nilienda kwa yule jirani aliyenituma na jerikeni. Nikamwuliza, siku ile nikibebeshwa ile kitu, kuna mtu aliniona nikionja? Alishangaa sana. Lakini mimi nilikuwa nauliza kweli. Wewe ni fundi, Kiema. Uliposema breki ni nzima, nikajua ni mimi. Nilikuwa nimeanza kuamini nilikunywa."

Nilimshika mkono, ule wa kulia, wa breki. Hakuuondoa. Tulisimama hivyo mpaka manyunyu yakawa mvua, kisha tukarudi nyumbani kwake, yeye akisukuma baiskeli, na Kalunde akatuwekea chai sote wawili.